Mati, silki au mafuta: nilivyochagua rangi za ndani ya nyumba yetu Mtwara

Sebule yetu ya Chikongola ilimalizwa kupakwa rangi jioni, taa zikiwa zimewashwa, na kila aliyeingia aliisifia. Kesho yake nilifungua dirisha la mashariki jua likiwa bado chini, mwanga ukaingia ukitambaa ubavuni mwa ukuta, na nikaona yote yaliyojificha usiku. Mistari ya mwiko wa fundi plasta ilikuwepo. Kiraka cha swichi ya zamani kilikuwepo, na uvimbe juu ya mlango, na njia za rola kutoka juu hadi chini. Rangi yenyewe ilikuwa nzuri, krimu iliyokaribia tui zito. Kilichoniumiza ni namna ilivyong'aa.

Ule mng'ao sikuuchagua. Dukani nilikaa karibu saa nzima na kadi ya rangi nikitafuta krimu ninayoitaka, kisha muuzaji akauliza, "Mati au silki?" yaani isiyong'aa au yenye mng'ao kiasi. Nikauliza ipi bora. Akasema silki, inafutika. Nikachukua ndoo mbili za lita 20 kwa nyumba nzima, sebule, vyumba, korido na jiko. Hakuna aliyeniuliza kuta zangu zikoje, nami sikujua kwamba ndilo swali la kuanzia.

Aliyenifungua macho ni fundi rangi mmoja mtu mzima wa Magomeni ya hapahapa Mtwara, aliyekuja kunitazamia kazi. Alikuja wakati wa magharibi, akaomba taa izimwe, akawasha tochi na kuibandika ukutani ili mwanga utambae kama lile jua la asubuhi.

"Mwanangu, ukuta wako si mbaya," aliniambia. "Umeuvisha nguo ya kubana, ndiyo maana kila kinundu kinaonekana."

"Sasa nifanye nini, fundi?"

"Ama uunyooshe mwili, ama ubadilishe nguo."

Alivyonieleza ndivyo ninavyowaeleza wengine hadi leo. Ndani ya ndoo kuna poda inayotoa rangi na kuziba ukuta, kuna gundi inayoishika poda hiyo, na kuna maji, au tapentaini kwa rangi ya mafuta, ambayo huondoka rangi ikikauka. Gundi ikiwa nyingi inaifunika poda na kuacha ngozi laini. Mwanga unagonga na kurudi kwa pamoja, kama bahari ya Mikindani asubuhi isiyo na upepo. Hiyo ni glosi, na chini yake kidogo silki. Poda ikizidi, vichwa vyake vinachomoza juu ya gundi, mwanga unatawanyika huku na huku, na jicho halioni bonde wala kilima. Hiyo ni mati. Lakini gundi hiyohiyo inayoleta mng'ao ndiyo inayozuia uchafu usizame. Kwa hiyo ukitaka ukuta ufiche makosa, ujue utakunywa mchuzi ukimwagikiwa. Ukitaka unaooshwa, ujue hautaficha kitu.

Sikutaka kununua tena kwa kusikia. Nilichukua lita moja ya mati na lita moja ya silki, rangi ileile, nikapaka viraka viwili viwili kando ya dirisha la sebule, kwenye korido na jikoni. Nikaviacha wiki nzima, kwa sababu rangi ya maji inakauka kwa kugusa baada ya saa chache tu lakini haijakomaa. Kisha nikavipaka makusudi mafuta ya samaki, chai ya rangi na matope ya mikono ya watoto, nikafuta kwa kitambaa na maji ya sabuni.

Silki ilitoka safi kote. Mati ilitoka nusu. Mafuta yaliacha kivuli, na nilipozidisha kusugua, pale niliposugua pakaanza kung'aa peke yake, doa jipya juu ya doa. Hilo sikulitegemea. Lakini kando ya dirisha, asubuhi, kiraka cha mati kilikuwa kimetulia kabisa, na cha silki kinaonyesha kila kikwaruzo. Nikaona wazi kwamba hakuna rangi moja ya nyumba nzima.

Sebule nikaipa mati. Ningeweza kubaki na silki kama ningepiga wolputi, ule unga laini wa kujazia mabonde ya ukuta, kuta zote na kusugua msasa hadi zinyooke, na mwenye uwezo afanye hivyo, inapendeza. Nilipopigiwa hesabu ya mifuko na siku za fundi, niliacha. Hata hivyo huwezi kupaka juu ya silki moja kwa moja, rangi mpya haishiki vizuri kwenye ngozi ile laini. Tulisugua kwa msasa mwembamba mpaka mng'ao ukafa, tukafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, tukaacha pakauke, ndipo tukapaka mikono miwili, yaani tabaka mbili. Dari nayo ikapata mati, maana dari haiguswi na mtu.

Uzuri mwingine wa mati niliujua baadaye. Mtoto alipogongesha baiskeli ukutani, nilipaka kiraka kutoka kwenye rangi niliyobakiza na hakionekani. Kwa silki kiraka huwa kinabaki na ukingo wake, utapaka ukuta wote. Bakizeni rangi kidogo, muiandike jina la chumba kwenye kifuniko.

Korido ndiyo niliyoitilia maanani zaidi, kwa sababu watoto watatu wanapita na viganja vyao ukutani kama vipofu. Nilifanya kama madarasa ya shule: chini, kimo cha mita moja na robo, rangi ya mafuta, juu, silki. Wapo wanaosema inaifanya nyumba ifanane na ofisi. Nikichagua rangi mbili zinazokaribiana, sioni ofisi yoyote, naona ukuta ninaoufuta kila Jumamosi kwa dakika kumi. Jiko nalo, tunalokaangia samaki na kupikia mkaa siku gesi ikiisha, likapata mafuta kuta zote. Kwa jiko nilichagua rangi iliyokolea kidogo, kwani nyeupe ya mafuta hugeuka njano mahali pasipopata mwanga.

Chumba cha kulala kilinichelewesha. Ukuta wake umeungana na bafu, na silki ya kwanza ilikuwa imetoa malengelenge hadi usawa wa goti. Nilidhani ni rangi mbovu. Yule fundi akasema tusipake chochote kwanza. Alichukua kipande cha nailoni inayopitisha mwanga, akakibandika ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, tukakiacha usiku na mchana. Tulipokitazama, ndani yake kulikuwa na matone. Unyevu ulikuwa unatoka ndani ya ukuta na kuisukuma rangi. Bomba la bafuni lilikuwa linavuja kwenye kiungo. Tulilitengeneza, tukakwangua rangi, tukaacha ukuta wazi wiki tano, tukarudia nailoni ikawa kavu, ndipo tukapaka mati, ambayo inapitisha mvuke kuliko hizo nyingine. Rangi ya mafuta pale ingekuwa kufunika chungu kinachochemka.

Mara ya kwanza, tena, tulikuwa tumepaka Januari, mvua zikinyesha, hewa nzito ya bahari, rangi inashinda mbichi. Nyuma ya kabati ukungu ulianza kabla ya Pasaka. Mara ya pili nilingoja Agosti, kusi inavuma na mvua hakuna, na mkono wa kwanza ulikuwa mkavu kabla ya chakula cha mchana. Na mwenye plasta mpya asiwe na haraka: wiki nne angalau, zaidi msimu wa mvua, kwa sababu saruji mbichi ina ukali wa magadi unaoila rangi ya mafuta.

Kwa hesabu, chumba cha mita 3.5 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.8 kina kuta za mita za mraba 42. Nikitoa mlango na madirisha mawili inabaki kama 36. Lita moja ilinipa karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 7 na ushee. Ukuta mkavu unaonyonya hula zaidi, ndiyo maana kuanza na praima, rangi ya msingi, si hasara.

Nilipomaliza, mjomba aliniita Mikindani kwenye nyumba ya bibi, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, chini kidogo ya Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895. Alikuwa ameipaka silki ndani ili imfurahishe bibi, na sasa inabanduka kwa mapande kama ganda la muhogo uliochemka. Aliniuliza aweke mafuta? Nikamwomba tubandike nailoni kwanza. Haikumaliza usiku mmoja kabla ya kujaa matone.

Bibi alikuwa ameketi barazani anatusikiliza. "Nyumba hii tangu nimeolewa inapakwa chokaa," alisema. "Nyie mmeiziba pua."

Alikuwa sahihi kabisa. Kuta zile zinavuta unyevu kutoka ardhini na kuupumua ndani na nje. Chokaa inakomaa kwa kunywa hewa ya kaboni mpaka inarudi kuwa jiwe kama ukuta wenyewe, inauacha unyevu upite, na ukali wake hauupi ukungu nafasi. Haina mng'ao wowote na inachafua nguo ukiiegemea, hilo bibi anajua, ndiyo maana viti vyake vimekaa mbali na ukuta. Tulikwangua silki yote kwa siku nne, tukaloweka chokaa kwenye pipa, tukaichuja, tukapaka mikono mitatu myembamba kwa brashi pana. Mkono wa kwanza ulipokuwa mbichi ulionekana kama maji tu, mjomba akanuna. Kufika asubuhi chumba chote kilikuwa cheupe, na bibi akaomba kitanda chake kirudishwe ndani.