Usiku sita, vituo vitatu, na mwezi mpevu

Daftari lipo mezani tangu Septemba. Ni daftari la mistari la kawaida, kurasa nne za mwanzo zimejaa hesabu za shule za kifungua mimba wetu, na kuanzia ukurasa wa tano ni safari. Shule zikifungwa tunaondoka: mimi, baba watoto, watoto watatu (miaka 13, 9 na 4) na mama yangu mzazi, mwenye miaka 71. Tunatoka Dar es Salaam, tunakwenda Tanga, Pangani na Lushoto, tunarudi. Siku saba.

Orodha ya kwanza ilikuwa na vituo vitano. Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga mjini, Lushoto. Kwenye ramani vinapendeza sana, vimepangana kama shanga kutoka baharini hadi mlimani, na mtu anajiambia kila kimoja kipo njiani kuelekea kinachofuata. Lakini mwaka juzi tulisafiri kwa mtindo huo huo, usiku mmoja mmoja kila mahali, na ninachokumbuka zaidi ni kufungasha. Kila asubuhi kutafuta ndala moja iliyopotea chini ya kitanda, kukunja nguo ambazo hazijakauka, kuwahimiza watoto wamalize chai. Mama alikuwa akikaa garini mapema, mkoba mapajani, akitusubiri kimya. Nikitazama picha za safari ile namwona kwenye nyingi amekaa hivyo hivyo, na inaniuma.

Kwa hiyo safari hii nimeacha kuhesabu vituo, nahesabu mahali tutakapolala. Usiku sita ndio mali tuliyonayo. Ukihama kituo unatumia nusu ya siku hata kama njia ni fupi: kufungasha, kulipa, mafuta, barabara, kutafuta nyumba, kufungua mizigo, kuwaogesha watoto. Kwa vituo vitano ningekuwa nimetupa siku mbili na nusu za bure.

Bagamoyo ilitoka kwanza. Ni mji ninaoupenda, na nataka wanangu wasimame kwenye magofu ya Kaole na kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Lakini kutoka kwetu ni kama kilomita 70 tu. Jumamosi yoyote ya mwaka tunaweza kwenda na kurudi kabla ya magharibi. Tutaipita kwenye barabara ya kwenda Msata, tuisalimie, tuendelee.

Kuitoa Saadani kuliniumiza zaidi, kwa sababu wa kati wetu anapenda tembo kuliko kitu chochote, na aliposikia kuna hifadhi ambako wanyama wanafika hadi ufukweni alinifuata jikoni siku tatu mfululizo. Nilikaa naye tukahesabu pamoja. Ukiingia hifadhini ukakaa saa tatu kwa haraka, umelipa kiingilio cha watu sita na hujaona kitu. Hifadhi inataka siku mbili, kutoka alfajiri na kutoka tena jioni, na mtoto wa miaka minne hakai garini saa nne akimngoja mnyama. Tumekubaliana Saadani iwe safari yake peke yake, mdogo wake akikua kidogo. Amesaini daftarini.

Sasa Pangani, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndiyo iliyonifundisha pa kuanzia mpango wote.

Mbele ya Pangani, baharini, kuna Maziwe. Watu wanakiita kisiwa, na zamani kweli kilikuwa kisiwa chenye miti, kasa wakipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe, na maji yakijaa linazama. Mwaka juzi hatukulijua hilo vizuri. Tulifika Pangani tukamtafuta nahodha, akatutazama kwa huruma akasema ni maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, fungu litatoka alasiri, na kwa upepo wa kusi wa mwezi ule asingependa kuwachukua watoto saa hizo. Asubuhi iliyofuata tulitakiwa kuwa kituo kingine, pesa zilishalipwa. Tukaondoka bila kuiona Maziwe. Nahodha alifanya jambo la busara, na mpaka leo namshukuru.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia mzee mmoja mtaani kwetu aliyevua samaki zaidi ya miaka thelathini. Akaniuliza swali moja: "Mwezi ulikuwaje?" Sikujua. Akanieleza kwa utulivu, akichora mchangani kwa kijiti. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanakuwa bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana, na pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo inapita mita tatu. Na siku za bamvua, kwetu huku, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Ukifika wiki ya pili, mwezi nusu, ni maji mafu, na kupwa kumesogea mpaka alasiri.

Nilikaa nayo usiku ule. Maana yake ni kwamba kalenda ya ukutani inaweza kukuambia fungu la Maziwe litatoka saa ngapi! Mwezi mpevu ukiwa Jumapili, Jumatatu asubuhi kati ya saa nne na saa tano fungu liko wazi, jua bado halijawa kali, upepo bado haujaamka. Ukienda wiki moja baadaye, ni mahali pengine kabisa.

Basi nikafungua kalenda, nikatafuta mwezi mpevu wa kwanza baada ya shule kufungwa. Umeangukia Jumapili. Nikaandika kwa wino mwekundu: JUMATATU ASUBUHI, MAZIWE. Vingine vyote nimevipanga kuizunguka siku hiyo. Bahari haitusubiri, ila gesti na mafuta vinaweza kusogezwa. Mtu akiniuliza leo aanzie wapi kupanga safari ya vituo vingi, nitamwambia atafute kwanza kile kisichosogezeka.

Desemba ina faida nyingine: kusi imeshaondoka, kaskazi imeingia, na bahari asubuhi huwa tulivu kuliko ya Juni. Ina hatari yake pia. Wiki ya kuelekea Krismasi barabara ya Chalinze na Segera hujaa magari ya watu wanaopanda Moshi na Arusha kula sikukuu kwao, na sitaki baba watoto aendeshe katikati ya haraka ile. Tunaondoka mapema mwezi huo, njia ikiwa bado inapumua.

Jumamosi basi ni barabara tupu. Dar mpaka Tanga ni karibu kilomita 350. Watu wanasema saa tano. Sisi tumeandika nane. Vibao vya 50 viko vingi, na hata pasipo na trafiki mwenye tochi, vijiji vile vina watoto wanaovuka kwenda kuchota maji. Tutasimama Msata kunyoosha miguu, Segera kula, Muheza kununua machungwa. Kila kituo kina choo ninachokijua, na hilo nimeliandika daftarini kwa makusudi: mama hawezi kukaa zaidi ya saa mbili, na hapendi kuomba gari lisimame. Nikilipanga mimi, halazimiki kuomba.

Usiku wa kwanza Tanga mjini. Jumapili asubuhi mapango ya Amboni, kilomita chache nje ya mji kwenye njia ya Horohoro. Mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji, giza, popo. Kifungua mimba amekwishasoma kila kitu na anataka kutuongoza. Mama hataingia, kuna kupanda na kuinama. Atakaa nje kivulini na kitinda mimba, na wenyewe wameshakubaliana watakula karanga. Mchana tunashuka Pangani, kama kilomita 50, usiku mbili hapo.

Jumatatu ni Maziwe. Jaketi okozi za saizi ya watoto nimeulizia kwa simu mara mbili, na nitazitazama kwa macho kabla mtu hajapanda mashua. Fungu halina hata mti mmoja, kwa hiyo mwavuli, kofia, kanga za kujitanda na maji mengi kuliko tunavyodhani. Alasiri watoto wanataka kuvuka mto kwa pantoni kwenda Bweni na kurudi. Baba watoto akasema hakuna kitu cha kufanya Bweni. Wakamwambia, baba, tunataka pantoni. Nimeiandika.

Jumanne tunaacha bahari. Tanga, Segera, Korogwe, Mombo, halafu kupanda. Nilitaka kuondoka Pangani baada ya chakula cha mchana ili tupate asubuhi nyingine ya bahari, lakini barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 hivi, ni kona juu ya kona, korongo upande mmoja, na jioni ukungu hushuka. Tutaondoka saa moja asubuhi. Fundi ameshakagua breki, na amemkumbusha baba watoto kwamba wakati wa kurudi atelemke kwa gia nzito, asiiachie breki kazi yote. Kitinda mimba hutapika kwenye kona, kwa hiyo atakula ndizi na mkate mkavu Korogwe, chakula chenyewe mpaka tufike juu.

Lushoto nilikuwa nimeiandikia usiku mmoja. Niliona tunafika, tunakwenda Irente kutazama nyika ilivyotandika chini, asubuhi tunatembea kidogo msitu wa Magamba, tunashuka. Usiku uliobaki nilikuwa nimewapa Tanga na Pangani.

Jumapili moja ya Oktoba nilikuwa nawasomea wote mpango mezani. Watoto walikuwa wanapiga kelele, kila mmoja na lake. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza, kwa kweli kama adabu tu, "Na wewe mama, unapenda tuongeze nini?"

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Mkifika Soni, kama mna nafasi, mniteremshe. Nimsalimie dada. Mnichukue mkirudi."

Mama ni Msambaa. Alishuka mlimani akiwa binti, akaolewa pwani, akatulea kwa Kiswahili. Dada yake mkubwa yuko kijiji kimoja juu ya Soni, hawajaonana miaka sita. Huongea kwa simu kila Ijumaa, kwa Kisambaa, na sisi tunasikia sauti tu, ya mtu mdogo kuliko mama tunayemjua. Yote haya nilikuwa nayajua. Nilipanga safari miezi miwili, nikahesabu kilomita na vyoo na mwezi, njia ikipita kando ya maporomoko ya Soni kabisa, na sikumwuliza. Na yeye alikuwa tayari kuteremshwa kama mzigo ili asituharibie mpango.

Nililia jikoni. Kisha nikachukua daftari nikafuta.

Sasa Tanga ni usiku mmoja, Pangani mbili, Lushoto tatu. Jumatano yote ni ya Soni, sote sita. Tunapeleka sukari, mchele, sabuni, na samaki wakavu wa Pangani, ambao mama anasema dada yake atawafurahia kuliko vyote. Hakuna kingine kilichoandikwa siku hiyo, hata saa ya kurudi. Alhamisi ndiyo Irente na Magamba, na kama mama atataka kurudi kwa dada yake siku hiyo pia, Irente itasubiri. Haizami maji yakijaa. Ijumaa tunashuka mapema, kwa kuwa kutoka kule ni safari ya kutwa mpaka nyumbani.

Mizigo ya Lushoto na mizigo ya pwani tunaifungasha mbalimbali. Begi la juu lina masweta, soksi na blanketi la kitinda mimba, maana Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari na usiku wake si wa Dar. Halifunguliwi mpaka Jumanne. Begi la chini lina nguo za kuogelea na vyandarua viwili vyetu wenyewe. Dawa ziko kwenye mkoba wangu wa mkononi, haziingii kwenye buti: za presha za mama za siku kumi, si saba, na karatasi ya majina ya dawa hizo.

Kifungua mimba ameanza kumwomba bibi yake amfundishe maneno ya Kisambaa. Wanakaa barazani jioni, anaandika nyuma ya daftari lile lile, kurasa za mwisho zikija kukutana na zangu. Juzi amejaza ukurasa wa tatu.

Mama mwenyewe alikwenda Kariakoo bila kuniambia, akarudi na doti ya kanga imefungwa kwenye gazeti. Ameiweka juu ya kabati. Na jana usiku, watoto wamelala, alimwuliza baba watoto kama kutoka Mombo kwenda juu angeweza kukaa kiti cha mbele. Akamjibu, "Mama, hata kutoka hapa." Akasema hapana, kutoka Mombo panatosha.

Leo asubuhi nimekuta daftarini, kwa mwandiko wa baba watoto, chini ya Jumanne: Mombo, kusimama. Mama anahamia mbele.