Ndiyo yenye mkia

Wapendwa, neno la juma hili ni Mathayo 5:37: "Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo; Siyo, siyo."

Georg Michaelis alishika ukansela wa Ujerumani, yaani ukuu wa serikali, tarehe 14 Julai 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikikaribia kutimiza miaka mitatu. Hakuwa Mkristo wa jina tu. Tangu 1913 aliongoza umoja wa wanafunzi Wakristo nchini mwake. Alikuwa pia mtumishi hodari wa serikali, msimamizi wa nafaka ya mkate wakati manowari za Uingereza zimeifunga bahari na watu wanakula kwa mgawo.

Tarehe 19 Julai bunge likapitisha azimio la amani ya maelewano, bila kunyang'anya nchi za wengine, kwa kura 212 dhidi ya 126. Michaelis alisimama akasema malengo yake yanafikika ndani ya azimio hilo, "kama ninavyolielewa." Siku chache baadaye akamwandikia mrithi wa kiti cha enzi kwamba kwa tafsiri yake ile hatari kubwa imeondoka, kwa azimio hilo mtu aweza kufanya amani yoyote aitakayo. Hapo ndipo moyo unaponiuma. Hakusema uongo waziwazi. Alikubali mbele ya watu, akajiachia mlango wa nyuma.

Papa Benedikto XV alipoomba amani mwezi Agosti, jibu la Berlin lilikwepa kutamka kwamba Ubelgiji, iliyokuwa imetekwa na Wajerumani, itaachiwa. Oktoba, Michaelis alikishutumu bungeni chama cha wasoshalisti huru kwa uasi wa mabaharia wa Ujerumani, ushahidi wake ukapwaya, na wabunge wengi wakamkataa. Kabla ya Novemba kuanza alikuwa amejiuzulu. Katikati ya Oktoba hiyohiyo, vita hivyo vikiendelea, kule Mahiwa, Lindi, Waafrika waliuana siku nne chini ya bendera za Wajerumani na Waingereza.

Basi juma hili, kwenye kikao cha kanisa, cha ukoo au cha mkopo, kabla ya kusema ndiyo omba azimio lisomwe kwa sauti. Usichokubali kitaje palepale, katibu akiandike kwenye muhtasari. Kama unahitaji muda, omba siku mbili, kisha urudi na jibu siku uliyoahidi. Ukishatoka nje, usimpigie mtu simu kumweleza "ulichomaanisha hasa." Na kama tayari kuna mtu anategemea ndiyo yako ya namna hiyo, mtafute kabla ya Jumapili umwambie msimamo wako ulivyo.