Mkonzo wa Babu

Desemba 1996 tulikuwa tunaezua nyumba ya marehemu babu, kijijini Jambiani, Unguja. Bati lilikwisha nunuliwa, limelala uani likiwaka jua, na makuti ya zamani yanaporomoshwa chini pamoja na vumbi, mavi ya panya na mijusi iliyochanganyikiwa. Mimi wa kuja kutoka mjini, miaka kumi na minne, nisiyeaminiwa kupanda ngazi, kazi yangu ilikuwa kuburura makuti hadi kwenye rundo la kuchomwa moto. Katika kuti moja kitu kizito kikanikwaruza muundi. Nikadhani ni kipande cha nondo, nikakitupia huko huko rundoni.

Ami, ndugu yake baba, alikiona kutoka juu. Akateremka bila kusema, akakiokota, akakifuta kwa pindo la kikoi.

"Weye mtoto! Huu mkonzo wa babu yako, wa mikunga."

Nikacheka. Mkunga niliyemjua mimi ni bibi mmoja wa mtaani kwetu aliyezalisha karibu watoto wote wa pale. Ami hakucheka. Akanieleza kwa utaratibu, kama anayezungumza na mgeni, kwamba wale ni wakunga, hawa ni mikunga, samaki warefu kama nyoka, na babu alikuwa na shughuli na hawa.

Kilikuwa chuma cha kuchomea samaki, urefu wa dhiraa moja, cha pembe nne, si cha mviringo. Kwenye kila pembe palikuwa na meno madogo yaliyoelekea nyuma, yaliyochanjwa kwa patasi chuma kikiwa bado chekundu. Hayakulingana: pembe moja ina matatu, nyingine mawili. Alama za nyundo zilionekana mwili mzima. Ami alisema kilianza maisha yake kama msumari mkubwa wa jahazi, uliochomolewa kwenye ubao ulioletwa na maji ufukweni. Yeye mwenyewe, akiwa mdogo kuliko mimi, ndiye aliyekuwa akivukuta kwa mhunzi siku kilipofuliwa, moshi wa makaa ya vifuu ukimtoa machozi. Nilitaka kukisugua kwa mchanga king'ae. Akakataa. Akakipaka sifa, na kwa siku mbili nyumba nzima ikanuka ini la papa.

Kisha akachonga mti wa mkandaa, akachomeka chuma, akafunga kwa kamba ya usumba, tukangoja bamvua. Kwetu, mwezi ukiandama, maji hukauka kabisa saa nne asubuhi. Tulipita katikati ya mashamba ya mwani, wanawake wameinama kwenye vijiti na kamba zao. Kilimo hicho kilikuwa hakijatimiza hata miaka kumi tangu kianze 1989, lakini Ami alikuwa keshachoka kuzungukia mipaka yake. Tukatembea mpaka mwamba wa nje, kule mawimbi yanakovunjika.

Mimi nilikuwa na mkonzo wangu, nondo iliyonolewa kwenye jiwe, laini kama sindano. Niliupenda sana. Ami alifunga mnyiri wa pweza kwenye uzi, akauning'iniza mbele ya tundu. Pweza na mkunga huishi mwamba mmoja, na mmoja ni chakula cha mwenzake. Tukangoja mpaka maji ya vifundoni yakawa ya moto. Kikatoka kichwa cha madoadoa, mdomo ukifunguka na kufumba, ukifunguka na kufumba.

Nikachoma, nikampata nyuma ya kichwa, na kwa furaha nikamnyanyua juu.

Mkunga akajifunga fundo. Sisemi kwa mfano: alipitisha mkia, akatengeneza fundo kwa mwili wake mwenyewe, akalisukuma kuelekea kichwani mpaka likafika kwenye chuma, akajikunyua kama pete inavyotoka kwenye kidole chenye sabuni. Nikabaki na nondo yangu na utelezi.

"Nani kakwambia umnyanyue?" Ami akauliza. "Mgandamize! Mwamba ndio mkono wako wa pili."

Kwenye tundu jingine akanipa mkonzo wa babu. Safari hii niliegemea mti kwa uzito wangu wote, na mikono ikitetemeka nikaliona fundo likija tena. Likapanda, likagonga meno ya chuma, likakwama. Ami akamalizia kwa kisu, akanifokea nilipotaka kumshika mdomoni. "Huyu ana mdomo ndani ya mdomo!"

Nilidhani ni maneno ya kutishia watoto. Mwaka 2007 watafiti Marekani walitangaza kwamba mkunga ana taya za pili kooni, zinazosogea mbele kuvuta windo ndani. Ami hakushangaa nilipomsimulia. Mtu aliyepasua mikunga wengi kiasi kile lazima aliyaona yale meno.

Bibi alimpika kwa tui na ndimu. Aliomba kwanza ashike chuma, akapitisha kidole pembe moja baada ya nyingine, akakirudisha bila neno, akaendelea kukuna nazi.

Usiku ule nyumba ilikuwa na bati jipya juu. Ami alizunguka na mkonzo mkononi, chumba hadi chumba, akiinua taa na kutazama juu. Bati halina pa kuchomeka kitu. Mwishowe akatoka nje, akauchomeka kwenye makuti ya banda la kuku.