Skandi ilivyogoma kulegea

Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini injini ya ndege haitengenezwi yote kwa alumini, maana alumini ni nyepesi. Nikamwambia huyeyuka kwa nyuzi 660, na huanza kulegea mapema sana kabla ya hapo. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki nikiwaza asubuhi moja maabara.

Vipande viwili vya aloi, yaani metali zilizochanganywa, vilikuwa vimelala tanurini usiku kucha kwa nyuzi 300. Kimoja kilikuwa cha alumini yenye shaba na magnesi, ukoo ule aliouanzisha mtaalamu wa metali Alfred Wilm kule Ujerumani mwaka 1906. Kingine kilikuwa cha alumini yenye metali za skandi na zirkoni, ambazo kwa pamoja hazikufika hata asilimia moja. Vilipopoa nikavisugua mpaka vikang'aa, nikaanza na kile cha shaba. Piramidi ndogo ya almasi ya kupimia ugumu ilishuka, ikakandamiza, ikainuka. Kwenye hadubini alama ilikuwa pana. Metali imelegea, kama tulivyotarajia: ugumu wake hutokana na chembe ndogo mno zilizojijenga ndani ya alumini, na kwenye joto lile atomu za shaba hutembea upesi, chembe kubwa zikazidi kunenepa na ndogo zikayeyukia ndani ya alumini, hadi hakuna cha kuzuia tabaka za atomu zisiteleze.

Nikaweka cha pili. Alama ilikuwa ndogo mno. Nikapima pembe hadi pembe, nikasogeza kipande, nikapima tena mahali pengine. Kilikuwa kigumu kuliko kabla hakijaingia tanurini! Nilikuwa nimesoma kwamba skandi husafiri polepole ndani ya alumini, na kwamba zirkoni, iendayo polepole zaidi, hujikusanya nje ya kila chembe ikawa ganda. Kusoma ni jambo moja. Pale niliona moto uleule ukibomoa kimoja na kujenga kingine, na mikono ilinitetemeka.

Nilimwita mwalimu wangu. Akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Safi sana, mwanangu," akasema. "Sasa niambie, nani ataimudu?"

Skandi imetawanyika miambani kiduchu kiduchu, na kuichuja ni ghali. Siku hizi nashughulika zaidi na seri, metali inayopatikana kwa wingi na ambayo michanganyiko yake na alumini huvumilia joto vizuri. Naiheshimu, na huenda ndiyo itakayofika viwandani. Hata hivyo, kila ninapoandika ombi la fedha, skandi huwamo, na sina hakika kama hoja yangu ni ya kisayansi au ni mapenzi ya asubuhi ile.