Siku yangu na riwaya za enzi za Malkia Victoria

Saa 12 asubuhi nishaamka, naperuzi katalogi za minada kwenye simu. Niko London, nanunua na kuuza vitabu vya kale, hasa riwaya za Victoria chapa ya kwanza. Saa 3 niko kazini, karibu na Cecil Court, kile kichochoro chenye maduka ya vitabu.

Saa 4 imefika riwaya ya Charles Dickens, Great Expectations ya 1861, juzuu zote 3, na hapa wadau muda ukaniishia. Nimeanza na ukurasa wa jina, maana Chapman & Hall walichapa mara kadhaa mwaka uleule, maandishi ndani ni karibu yaleyale, ila ukurasa wa jina ukawa unaandikwa toleo la pili, la tatu, mpaka la tano, kwa hiyo tapeli anaweza kuchomoa ukurasa wa toleo la kwanza akaupachika kwenye la tatu. Nimeuinua kwenye mwanga nikakuta doa dogo la maji pembeni, nikafungua kurasa zinazofuata, doa lipo palepale linapungua taratibu. Basi hizi karatasi zimelowa pamoja, ukurasa wa jina haukupachikwa! Afu kava la kitambaa cha zambarau ni lilelile la mwanzo, mgongo tu ndo umepauka.

Za hivi ni chache kwa sababu riwaya ya juzuu 3 iliuzwa shilingi 31 na peni 6 za Uingereza, mtu wa kawaida angetoa wapi, watu wakawa wanaazima kwenye maktaba ya kulipia ya Mudie, na kitabu kikipita mikono yote hiyo kinachakaa. Lebo ya Mudie ikiwepo kwenye jalada msiibandue jamani, nayo ni historia.

Saa 8 mchana kitabu cha jalada la kijani kibichi, glavu kwanza, maana rangi ile enzi hizo wakati mwingine iliwekwa arseniki, sumu kabisa. Jumba la makumbusho la Winterthur kule Marekani wanapima majalada haya tangu 2019. Nimekifunga kwenye mfuko, basi.

Saa 10 mteja anataka riwaya zake zijaladiwe upya kwa ngozi zipendeze. Nimemsihi kwa kweli asifanye hivyo, ukishang'oa kile kitambaa cha jalada na matangazo ya kurasa za mwisho hakuna wa kuvirudisha. Amekubali tutengeneze maboksi ya kuzihifadhi tu.

Jioni naandika maelezo ya zile juzuu 3, mgongo ulivyopauka, doa, kila kitu, mnunuzi ajue anacholipia.