Mtu mzima na shilingi 200

Jana jioni kwenye daladala ya Gongo la Mboto, baba mmoja mtu mzima, kachomekea vizuri, kamkunja konda shati kisa chenji ya shilingi 200. Konda kamwambia, "Mzee, subiri kidogo, nina noti tupu." Basi, ikawa balaa. Matusi ya nguoni mbele ya kina mama na wanafunzi waliobanana mlangoni na mabegi yao. Mishipa ya shingo imemtoka, mate yanaruka.

Aliyeniuma ni yule konda. Kijana wa kumzaa kabisa, anarudia tu "samahani mzee, samahani mzee", noti zimekunjwa katikati ya vidole, na usiku bado ana hesabu ya tajiri. Mama mmoja akafungua pindo la khanga, akatoa 200 akampa yule baba. Akaipokea, asante hakuna!

Joto la Dar nalijua. Foleni ya Tazara naijua, na njaa ya jioni pia. Hasira ikipanda moyo unadunda, husikii la mtu. Lakini mbona watu wa namna hii bosi akiwafokea ofisini wanainamisha kichwa, "sawa mkuu"? Kumbe kujizuia wanaweza. Wanachagua wa kumlipukia, na siku zote ni mnyonge: konda, mama ntilie, dada wa kazi, mtoto aliyemwaga chai. Hilo mimi siwezi kulizoea, na jana nilimwambia yule baba usoni.