Kabla ya Benny Goodman kulikuwa na Fletcher Henderson

Kila ikitajwa swing, ule mtindo wa jazz wa bendi kubwa za dansi, watu wanaanza na Benny Goodman, na mimi Goodman nampenda sana, klarineti yake hainichoshi, ila kuna mtu anarukwa kila mara na inaniuma kwa kweli. Fletcher Henderson.

Huyu alikuwa na bendi New York miaka ya 1920, wanapiga pale ukumbi wa dansi wa Roseland, na mpangaji wake wa muziki alikuwa Don Redman. Ndo wakawagawa wapulizaji, tarumbeta na tromboni huku, midomo ya bata (saksafoni) kule, kundi moja linaita lingine linaitikia, halafu mtu mmoja anaachiwa nafasi apige solo. Siku hizi tunaona kawaida tu lakini watu zaidi ya kumi wakipuliza bila mpangilio ni kelele. 1924 akaja mpiga tarumbeta Louis Armstrong, akakaa kama mwaka hivi, na wenzake wakaanza kupiga tofauti kabisa, mdundo uliokuwa umekakamaa ukalegea, ndo swing yenyewe hiyo.

Baadaye uchumi wa Marekani ukaanguka, bendi ya Henderson ikayumba mpaka ikavunjika 1934, na Goodman akawa ananunua mipangilio ya Henderson kwa ajili ya kipindi cha Let's Dance cha redio ya NBC. New York zamu ya Goodman ilikuwa inafika usiku mno, ila California wako nyuma masaa matatu kwa hiyo vijana wa kule walikuwa macho wanasikiliza. Ndo maana tarehe 21 Agosti 1935, baada ya ziara iliyodorora karibu njia nzima, Goodman alipofika Palomar kule Los Angeles akafungulia zile nyimbo alizopanga Henderson, ukumbi ukalipuka.

Tafuta King Porter Stomp ya Goodman ya 1935. Wimbo ni wa Jelly Roll Morton, mpangilio wa Henderson. Bunny Berigan anafungua na tarumbeta safi sana lakini we subiri mwisho, tarumbeta na tromboni wanarusha kipande kifupi, saksafoni wanajibu, wanarusha tena wanajibiwa tena, kukaa umetulia hapo huwezi.

Goodman mwenyewe hakuficha deni hilo na 1939 alimchukua Henderson kwenye bendi yake. Ila redio na mahoteli makubwa ya enzi zile yalikuwa yanapendelea bendi za wazungu kama ya Goodman kuliko za weusi kama ya Henderson, kwa hiyo taji la Mfalme wa Swing likabaki kwa Goodman.